Nani anafungua maji saa 12 jioni?

Nilikuwa na povu kichwani, macho nimefumba, maji yakaanza vituko vyake. Siyo kwamba yalikata. Bora yangekata nikajua moja! Yalipungua yakawa uzi, yakanichoma kama chai kwa sekunde tano hivi, yakawa ya baridi, halafu yakarudi kwa nguvu kama vile hakuna kilichotokea. Nikamwita mume wangu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Kimya. Alikuwa nyuma ya nyumba, "anaangalia pampu".

Msomaji mwenzangu, kama umejenga nje ya mji na una kisima chako, najua unacheka kwa sababu yamekukuta. Kama bado umepanga na maji ni shida ya mwenye nyumba, soma tu, siku yako inakuja.

Sisi tulihamia Goba mwaka 2020, miaka miwili baada ya harusi. Nyumba haikuwa na dari sebuleni wala vigae jikoni, lakini ilikuwa na kisima, na kisima kile kilikuwa changu. Nasema changu kwa maana hii: mimi ni mhasibu, nilikopa SACCOS ya kazini milioni 6 za kuchimba, nikakatwa mshahara miaka mitatu mfululizo. Mume wangu alinunua pampu na matangi. Yeye ni mtu wa mauzo, leo yuko Mbeya, kesho kutwa Mwanza, kwa hiyo mambo ya nyumba yakiharibika huwa yanaharibikia mikononi mwangu.

Niwaeleze mtambo wenyewe ulivyo, maana bila hapo hamtanielewa. Ndani ya kisima kuna pampu ya kuzama. Inapandisha maji hadi kwenye simtank la lita 5,000 lililokaa kwenye kibaraza cha zege, kimo cha goti tu. Pampu ya pili, ndogo, iko juu ya ardhi, inachukua maji kwenye simtank na kuyasukuma ndani ya nyumba. Pembeni yake kuna tangi dogo jekundu la presha, lita 60, swichi ya presha, na geji, yaani kisaa chenye mshale wa kuonyesha presha. Presha inapimwa kwa baa (siyo ile ya bia, mume wangu alishafanya utani huo mara mia). Swichi yetu inaiwasha pampu mshale ukishuka hadi 1.4 na kuizima ukifika 2.8. Unafungua bomba, mshale unashuka, pampu inawaka. Unafunga, mshale unapanda, pampu inazima. Basi.

Miaka miwili ya kwanza sikujua hata geji iko wapi. Nikaoga kama malkia.

Vituko vilianza mwishoni mwa 2022. Jioni maji yanalegea. Jumamosi asubuhi yanalegea. Usiku wa manane yanapiga hadi pazia la bafuni linapepea. Shawa yetu ni ya umeme, inachemsha maji yakipita, na shawa hizo hazipendi maji ya kusuasua. Yakipungua yanapata moto kupita kiasi, yakipungua zaidi shawa inazima yenyewe na unabaki na baridi. Nikimwambia mume wangu anajibu, "Mke wangu, pampu ni ndogo ile, nusu hosipawa. Tutanunua nyingine." Alikuwa anasema hivyo bila kunitazama. Wakati huo sikulitilia maanani.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana nayo ipo.

Machi 2023 mume wangu akiwa Mbeya, nilichoka. Nikamwita fundi niliyeelekezwa na muuza duka wa pale kona. Kijana mchangamfu, simu mbili mkononi, bisibisi moja mfukoni. Hakuuliza kitu. Hakufungua hata bomba moja la ndani kuona lina hali gani. Alikwenda moja kwa moja kwenye swichi ya presha, akang'oa kifuniko, akakamata spana na kuikaza nati kubwa ya juu ya springi. "Presha imeshuka, dada, naipandisha." Akakaza, akakaza. Nikafungua shawa, kweli maji yalikuja kwa hasira. Nikamlipa elfu 30 na soda juu.

Kitu ambacho hakuniambia, au yeye mwenyewe hakukijua, ni kwamba ile nati inasogeza mahali pa kuwaka na mahali pa kuzima kwa pamoja. Pampu yetu, hata ikijikamua namna gani, mwisho wake ulikuwa baa 3. Yeye alipeleka mahali pa kuzima juu ya 3. Kwa hiyo jioni ile nilipofunga mabomba yote na kwenda kulala, pampu iliendelea kukimbia ikitafuta namba ambayo haikuwa na uwezo wa kuifikia. Maji yaliyo ndani ya pampu yakiwa hayaendi popote yanachemka. Saa 11 alfajiri niliamshwa na harufu ya kitu kimeungua. Nilipotoka nje na tochi, mwili wa pampu haukushikika.

Mume wangu alipopiga simu asubuhi nikamwambia umeme ulicheza usiku, ukaunguza pampu.

Mtanisamehe. Nilikuwa nimeita fundi bila kumshirikisha, nimetoa elfu 30, nimeua pampu ya laki nne na nusu. Umeme ulikuwa mahali pazuri pa kutupia lawama, kila mtu anaamini. Aliporudi alinunua pampu mpya, hosipawa moja kamili, na pesa ilitoka kwenye bahasha ya Zanzibar. Tulikuwa tumepanga kwenda siku tatu, kusherehekea miaka mitano ya ndoa. Hatukwenda. Sikusema kitu. Naye, sasa naelewa kwa nini, hakulalamika hata kidogo.

Pampu mpya ilitupa wiki tatu za raha. Kisha vikarudi vilevile na nyongeza juu: ukifungua bomba la kunawa mikono unasikia pampu nje, taka! taka! taka!, inawaka na kuzima kama mtu mwenye kwikwi. LUKU nayo ikawa inakimbia. Mimi naandika matumizi yote kwenye daftari, ugonjwa wa kazi, na uniti zilikuwa zinakwenda kwa kasi ambayo friji na pasi haviwezi kuieleza.

Na kulikuwa na jambo lingine. Mume wangu, akiwepo nyumbani, kila jioni saa 11 na nusu hivi anatoka kwenda nyuma ya nyumba na simu yake. Nasikia anaongea kwa sauti ya chini. "Tayari? Haya." Anarudi. Baada ya saa moja anatoka tena. Nikiuliza, "naangalia pampu." Jamani, mwanamke gani mwenye akili timamu asingewaza? Rafiki yangu wa ofisini aliniambia bila kupepesa, "Shoga, hapo kuna nyumba ndogo." Nilikaa na hilo neno tumboni miezi. Nikawa nahesabu pesa za mafuta ya gari. Nikawa nanusa mashati. Tukaacha kula pamoja. Tulikuwa tunagombana kuhusu presha ya maji, lakini mimi mwenzenu nilikuwa nagombana kuhusu simu ya saa 11 na nusu.

Januari 2024 nikaamua angalau upande mmoja wa matatizo yangu uishe. Nikatafuta fundi mwingine, safari hii mzee, mtu wa miaka sitini na kitu, wa kuelekezwa na jirani yangu ambaye mtambo wake haujawahi kusumbua. Alikuja na ndoo ya lita 20, kipimo cha upepo wa matairi na pampu ya baiskeli. Nikamshangaa. Nikajua nimepigwa tena.

"Mama," akaniuliza, "yanalegea bomba moja au yote?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Tukaingia ndani, tukafungua moja moja. Sinki la jikoni lilikuwa dhaifu kupita mengine. Akafungua kile kichujio kidogo cha mdomoni, akakigonga kiganjani, ukatoka mchanga na vipande vyeupe. Maji yetu yana chumvi kidogo. Akafungua kichwa cha shawa, nusu ya vitundu vimeziba. "Hiki kiloweke kwenye siki hadi asubuhi. Hii siyo presha, huu ni uchafu. Watu wananunua pampu kwa ajili ya uchafu huu." Akaenda kwenye filta iliyo kabla ya maji kuingia ndani. Ilikuwa ya rangi ya kahawa na inateleza. Kumbe inatakiwa kubadilishwa! Tangu 2020 hatujaigusa.

Halafu akazima umeme wa pampu kwenye swichi kubwa ukutani. Akaniambia nishike mahali hapo nihakikishe hakuna mtu wa kuwasha, maana kwenye ile swichi ya presha kuna umeme kamili wa nyumba na hautanii. Akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na sisimizi waliokauka, wamebanwa kwenye vyuma vinavyogusana. Akacheka. "Hawa wanapenda sana humu. Wakijaa, swichi haigusi vizuri." Akawasafisha kwa mswaki mkavu. Akaitazama nati, akaona alama za spana, akanitazama.

"Nani alikaza hapa?"

Nikasema sijui. Mungu anisamehe, na mzee wa watu nilimdanganya.

Alipofika kwenye lile tangi jekundu, akaligonga kwa kifundo cha kidole juu, katikati, chini. Likalia mlio uleule mzito kila mahali. Akasema tangi zima huwa halilii hivyo, sehemu yenye upepo hulia kama ngoma tupu. Kwa juu kuna kofia ya plastiki, ndani yake valvu kama ya tairi la gari. Akakibonyeza kile kipini kwa ukucha. Badala ya upepo, yakamrukia maji usoni.

"Mpira umepasuka," akasema, akajifuta.

Hapa ndipo nilipopata somo ambalo nataka wote wenye visima mlisikie, maana lingeniokolea bahasha ya Zanzibar. Ndani ya lile tangi kuna mpira kama puto kubwa. Maji yanaingia ndani ya mpira, upepo unabaki nje yake, kati ya mpira na chuma. Upepo ule ndio unaosukuma maji yako ukifungua bomba, kabla pampu haijawaka. Mpira ukipasuka upepo unapotea, tangi linajaa maji tupu, na maji hayabanwi. Ndiyo maana ukifungua bomba kidogo tu mshale unaanguka ghafla, pampu inawaka, mshale unaruka, inazima. Taka! taka! taka! Mota inachoka, umeme unaliwa, na shawa inakuwa moto baridi moto baridi.

Na mpira haupasuki tu hivihivi. Upepo unapungua kidogo kidogo kama wa tairi. Usipoongeza, mpira unatanuka kupita kiasi kila siku hadi unachoka. Mzee akasema upimwe angalau mara moja kwa mwaka, pampu ikiwa imezimwa na bomba limefunguliwa hadi maji yote ya tangi yatoke, la sivyo kipimo kinakudanganya. Na uwe chini kidogo ya pale pampu inapowakia. Kwetu inawaka 1.4, kwa hiyo upepo ni 1.2. Sisi, miaka mitatu na zaidi, hatukupima hata siku moja. Gari tunajaza upepo kila wiki.

Mpira mpya ulikuwa elfu 55. Akafungua bolti sita, akautoa wa zamani umechanika kama soksi, akaweka mpya, akajaza upepo kwa pampu ya baiskeli huku mtoto wa jirani akihesabu kwa sauti. Akairudisha nati mahali pake. Akawasha. Mshale ukapanda taratibu hadi 2.8, pampu ikazima. Akafunga koki kubwa inayopeleka maji ndani ya nyumba, tukakaa kwenye kivuli dakika 20 tukinywa chai. Mshale haukusogea. "Hapa nonritani yako nzima," akasema, yaani ile valvu inayozuia maji yasirudi kwenye simtank. Akafungua koki kubwa, mabomba yote ya ndani yakiwa yamefungwa. Mshale haukusogea. "Na ndani hakuna panapovuja, hata vyoo." Ilikuwa saa 7 mchana. Nikamlipa, nikamshukuru, nikaoga mara mbili siku ile.

Kesho yake jioni maji yakalegea.

Nilimpigia simu nikiwa na hasira. Hakujitetea. Aliniuliza, saa ngapi yameanza? Nikamwambia saa 11 na nusu, kama kawaida. Akanyamaza kidogo.

"Mama, kesho kaa kwenye geji na saa. Funga kila kitu ndani. Pampu ikizima, hesabu dakika hadi iwake tena, uniambie."

Hiyo ni kazi ya mhasibu, kusema kweli. Siku iliyofuata nilitoka kazini mapema, nikachukua kiti cha plastiki na daftari. Saa 11:20, mshale 2.8, umetulia. Mume wangu akatoka na simu. Akanikuta nimekaa pale. Akashtuka kidogo, akasema anakwenda kuangalia migomba, akapita. Akarudi. Saa 11:32 mshale ukaanza kushuka. Dakika mbili, pampu ikawaka. Ikazima. Dakika mbili tena, ikawaka. Nikafunga koki kubwa ya nyumba. Mshale ukaendelea kushuka vilevile, hauna habari na mimi.

Nikampigia mzee. "Dakika mbili," nikamwambia. "Na nimefunga ya nyumba, bado inashuka."

"Tangi lile la lita 60," akasema, "halitoi lita 60. Kati ya 2.8 na 1.4 linatoa kama lita 20, ndoo moja. Sasa kila dakika mbili inatoka ndoo moja, na haiendi nyumbani kwako. Nonritani tuliipima ni nzima. Kwa hiyo kuna bomba limechukuliwa hapo katikati, kabla ya koki yako." Akakohoa. "Na tundu halina saa, mama. Tundu linavuja usiku na mchana. Huyo ni mtu."

Nikakata simu, nikaenda kwenye migomba.

Chini ya majani makavu kulikuwa na koki ndogo, na kutoka kwenye koki bomba jeusi la nusu inchi, limefukiwa vizuri, linapita chini ya ukuta. Sisi tuko juu ya mteremko, kama mnavyoijua Goba na vilima vyake. Nikalifuata kwa nje. Linashuka kando ya kiwanja cha jirani, linavuka njia ya miguu, linaingia kwenye ua wa nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma isiyopigwa lipu.

Nyumba ndogo! Nilicheka peke yangu kama kichaa. Ilikuwa nyumba ya wifi yangu, dada wa mume wangu.

Nilimkuta ameinama juu ya mabeseni manne, anafua nguo za watu. Wanawe wawili wanasuuza. Aliponiona alinyanyuka, akajifuta mikono kwenye khanga, uso umefunguka.

"Karibu wifi! Leo umekuja mwenyewe! Mihogo ilifika?"

Mihogo. Kila baada ya wiki mbili mume wangu anakuja na mfuko wa mihogo, au mchicha, au ndizi, anasema amenunua njiani.

"Ilifika, wifi."

"Mimi huwa nakuombea dua kila siku. Mdogo wangu aliniambia ni wewe uliyesema nipewe maji. Ningekuja kukushukuru, ila nilijua mnatoka kazini mmechoka, nikaona nisiwasumbue."

Nikakaa kwenye kindoo. Sikuwa na neno.

Habari yenyewe ni hii. Wifi alifiwa na mumewe mwaka 2022. Oktoba mwaka huo huo Mto Ruvu ulishuka, mtakumbuka, jiji likaingia kwenye mgao wa maji, na bomba lake la mtaani likakauka siku hadi siku. Ndoo mtaani ilipanda bei. Yeye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi ya kufua. Mimi nilikuwa Dodoma kikazi wiki mbili. Mume wangu akaita vijana, wakachimba, wakalaza bomba. Mgao ulipokwisha, bomba likabaki. Akiwa nyumbani anafungua jioni na Jumamosi asubuhi, akisafiri anaiacha koki wazi, wifi anatumia ya upande wake.

Na kwa nini hakuniambia? Usiku ule nilimuuliza hivyo, tena kwa sauti ya chini, ambayo kwangu ni mbaya kuliko kelele. Alikaa muda mrefu. Kisha akanikumbusha maneno yangu mwenyewe. Baada ya msiba ule kulikuwa na mvutano wa michango upande wa kwao, nilikasirika, nikasema mbele ya mama mkwe kwamba kisima kile ni mkopo wangu na hakuna mtu wa kwao atakayechota bure. Nilikuwa nimesahau. Yeye hakuwa amesahau, na mama mkwe, nadhani, hatasahau kamwe.

"Nikuombe wewe ukatae, halafu nifanye nini?" akaniuliza. "Nimwangalie dada yangu ananunua ndoo?"

"Kwa hiyo ukaona bora niungue na shawa mwaka mzima."

"Nilikuwa nanunua pampu kubwa ili usiungue!"

Msomaji, mtu mwingine angeona hapo pa kucheka. Mimi nililia. Sikulilia maji. Lita 20 kwa dakika mbili ningempa wifi yangu bila kusita, kama ningeombwa siku ambayo sina hasira. Niliumia kwamba nimeshukuriwa mwaka na zaidi kwa wema ambao sikuufanya, na huku nilikuwa nanusa mashati.

Mzee fundi ndiye aliyetutoa hapo, tena bila kujua kinachoendelea, au alijua akanyamaza. Alitazama mteremko, akauliza kwa nini tunampelekea mtu wa bondeni maji ya pampu wakati Mungu amempa mteremko wa bure. Kila mita 10 za kushuka zinatoa karibu baa moja. Nyumba ya wifi iko chini ya simtank letu kwa mita kama 8. Kwa hiyo bomba likakatwa pale migombani, likaunganishwa moja kwa moja kwenye simtank, juu kidogo ya tundu la kwetu ili lisije likatukausha. Kule chini wifi akanunua tangi lake la lita 1,000, kwa pesa yake, alisisitiza, na ndani likawekwa boya la kufunga maji likijaa. Linajaa lenyewe usiku. Hakuna pampu ya nyumba inayowaka, hakuna simu ya saa 11 na nusu. Wifi anachangia elfu 15 za LUKU kila mwezi kwa ajili ya pampu ya kisima. Nilimwambia asitoe, akanijibu, "Wifi, niache nilipe ili niweze kufungua bomba bila kukuwaza." Nikapokea.

Pampu sasa inawaka tukifungua maji, inazima tukifunga. Mwezi uliofuata uniti za LUKU zilishuka karibu theluthi moja, ninazo kwenye daftari.

Ila ule uongo wa umeme ulikuwa bado kwangu. Jioni moja tumekaa kibarazani, mume wangu yuko kwenye raha zake, akasema, "Hii pampu itadumu, siyo kama ile iliyouawa na umeme." Nikaangalia chai yangu. Mwaka mzima nilikuwa nimemtoza faini ya kunificha, nimemfanya aombe radhi kwa mama yangu mzazi kabisa. Nikamwambia. Fundi wa simu mbili, nati, harufu ya alfajiri, elfu 30 na soda.

Hakusema neno. Aliingia ndani akaoga, muda mrefu, maji yanapiga vizuri. Siku mbili aliongea na mimi kuhusu funguo na mkate tu. Siku ya tatu alileta bahasha mpya, ameandika Zanzibar kwa kalamu nyekundu, ndani kuna elfu 30.

"Hii ni ya fundi wako," akasema. "Zilizobaki utazijaza wewe."

Nimeshajaza nusu. Makala hii amesoma yeye kwanza kabla sijaituma. Ameniambia nirekebishe kitu kimoja tu: pampu ile ilikuwa laki nne na elfu 60, siyo laki nne na nusu, na risiti anayo.